Wageni na Chai Yetu



Tea Hotel ya Kericho ilijengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950, na tangu zamani hizo wageni huja kutazama mashamba. Hupiga picha, hunywa chai, huenda zao. Mchumaji wamwona kwa mbali, kama mti.

Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huko Kericho, watu wakilia kwamba zimewanyang'anya kazi. Moto hatuusifu. Lakini yule aliyeweka kikapu chini alijua shamba kuliko mtu ye yote: majani mawili na chipukizi, na umande wa asubuhi. Huyo ndiye afaaye kuwaongoza wageni, tena kwa mshahara, si kwa bakshishi.

Na mama auzaye mursik na mahindi ya kuchoma? Magari yampita mbio. Sisi wa reli twalijua jambo hili toka Londiani na Kipkelion: treni ikisimama, ndizi huuzwa, isiposimama, zaoza.

Basi twataka chama kiyaambie makampuni na kaunti: kiongozi wa wageni awe mchumaji, na gari lisimame sokoni nusu saa.