Mastaa wa Matema, jaketi okozi haliharibu picha!

Leo sitaji majina, anayejijua atajijua.

Kuna staa wetu mmoja alikuja Matema wikiendi, akapanda boti kwenda Ikombe kuona vyungu vya Wakisi. Mwenye boti kampa jaketi okozi, yeye kalisukumia chini ya kiti, eti linaficha gauni! Kisha akakaa ukingoni, miguu majini: "Nipige hivi hivi."

Dada, hilo siyo bwawa la hoteli. Ziwa Nyasa, penye kina kirefu kabisa, linafika mita 700 hivi. Upepo ukibadilika, mawimbi hayaulizi una wafuasi wangapi.

Mtasema, "Mbona wavuvi hawavai?" Nao wanakosea, ila wao wamekulia humo. Wewe umelijulia kwenye simu.

Nchi hii tumeshalia vya kutosha: MV Bukoba 1996, MV Nyerere 2018. Kinachoniuma zaidi, madogo wa Kyela wameiona hiyo picha na Jumapili wataiga.

Wenye boti, acheni kuogopa mastaa. Hajavaa? Boti haiondoki, nauli mrudishie.

Au nimekosea wadau? Fungukeni hapo chini.