Kijana, soma faili kabla ya kusoma dashibodi

Wiki jana rafiki yangu alinitumia picha nne kwenye WhatsApp bila hata salamu. Nissan X-Trail ya 2014, nyeusi, viti saba, bei Sh1.5 milioni. Picha ya nne ilikuwa ya dashibodi: kilomita 190,412. Chini yake ameandika, "Buda, unaionaje? Mama watoto ameipenda." Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe wa tano. Fomu ya mkopo wa Sacco. Anataka niwe mdhamini wake.

Hapo ndipo swali la gari lilipogeuka kuwa langu pia. Akishindwa kulipa, Sacco haitaifuata X-Trail kwanza. Itakuja kwa akiba yangu, ambayo nimeiweka shilingi kwa shilingi kwa miaka sita.

Sasa, kabla watu hawajaanza kusema vijana wa siku hizi wanapenda maisha ya kuonekana, nimtetee. Huyu jamaa ana watoto wawili na wa tatu yuko njiani. Anaishi Kitengela, anafanya kazi mjini, na mama mkwe anaishi nao. Desemba iliyopita walisafiri hadi ushago Kakamega kwa matatu, watoto wamepakatwa, nauli imepanda kama kawaida ya Krismasi. Usiku mmoja mtoto alipopandwa na homa walikaa getini karibu saa nzima wakitafuta teksi. Mtu kama huyo akitaka gari la viti saba, simwoni kama anayetafuta sifa. (Wewe ambaye huna mke wala mtoto, unaishi bedsita na unataka Prado, mjadala wako ni mwingine na tutaufanya siku nyingine.)

Swali ni je, kilomita 190,000 si nyingi mno?

Wengi mtaani watakwambia achana nayo, tafuta yenye kilomita kidogo. Ushauri huo ulikuwa rahisi zamani. Leo gari lililotoka Japan juzi lina bei ya kuvunja moyo. Sheria yetu inakataza kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na mwaka wa 2023 ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Kwa hivyo kijana wa mshahara wa kawaida anasukumwa kwa magari ambayo tayari yako nchini, yaliyotembezwa na Wakenya wenzetu kwa miaka mitano au kumi. Huko kilomita nyingi ndiyo hali ya kawaida.

Na tuwe wakweli, ile namba ya dashibodi inasema kidogo kuliko tunavyodhani. Inahesabu umbali tu. Haihesabu saa ambazo injini imekuwa ikinguruma. Chukua gari la mtu wa mauzo anayeshinda barabara ya Mombasa, mwendo wa wastani kilomita 80 kwa saa. Kilomita 190,000 kwake ni kama saa 2,400 za injini. Sasa chukua gari la mtu wa Nairobi anayekwama kwenye jamu asubuhi na jioni, wastani wa kilomita 20 kwa saa. Huyo akifikisha kilomita 90,000, injini yake imefanya kazi saa 4,500. Gia imebadilika mara nyingi zaidi, breki zimekanyagwa zaidi, feni imezunguka zaidi. Lakini sokoni, lile la 90,000 ndilo linaloitwa "safi kama mpya".

Halafu kuna namba za uongo. Kabla ya X-Trail, rafiki yangu alikuwa amependa gari jingine katika yadi moja ambayo sitaitaja. Dashibodi ilisema kilomita 98,000. Rangi inang'aa, viti vimesafishwa, ndani kunanukia marashi. Tulienda pamoja Jumamosi. Broka alituita "mabosi" tangu getini, na kila tulipouliza swali alijibu kwa kuwasha redio. Mimi si fundi, lakini nilifungua boneti, na kwenye kona karibu na taa ya kushoto nikaona kijikaratasi cha gereji kilichofubaa: oili ibadilishwe tena ikifika kilomita 171,000. Nikamwita rafiki yangu aje asome mwenyewe. Broka akaja, akakitazama, akasema, "Hiyo labda ni ya gari ingine, bosi." Gari lingine, ndani ya boneti ya hili!

Tuliondoka. Ila kilichonikera zaidi kuliko uongo wenyewe ni jinsi tulivyokuwa karibu kuumeza. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kuzungumzia bei.

Kurudisha nyuma kilomita ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Kugundua ni kazi ya macho. Angalia raba ya pedali ya breki: ikiwa imelainika kama sabuni ilhali mita inasoma 80,000, uliza. Angalia usukani upande wa juu, kiti cha dereva upande anaoingilia, kitasa cha gia. Tafuta vijikaratasi vya gereji ndani ya boneti na kwenye fremu ya mlango. Na kama gari lilitoka Japan, mwombe muuzaji karatasi zilizokuja nalo. Kule gari hukaguliwa kila baada ya muda na kilomita zake huandikwa kwenye cheti, na hata hati ya kulitoa nchini hubeba rekodi hiyo. Akikwambia zilipotea, sawa, karatasi hupotea. Lakini bei nayo ipotee kidogo.

Hapo ndipo X-Trail ya kilomita 190,412 iliponishangaza. Mwenyewe ni mwalimu, anaiuza kwa sababu anahamia kwa watoto wake. Alitutolea faili la plastiki la bluu. Ndani risiti zimepangwa kwa miaka: oili ya injini kila kilomita 5,000, plagi, breki, bushi za mbele mara mbili, betri, na jambo nililolitafuta kuliko yote, oili ya gia. Imebadilishwa mara tatu.

Nieleze kwa nini hiyo ni muhimu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi za vijana huzama. X-Trail ya aina hii ina gia ya CVT. Haina meno ya kubadilika moja, mbili, tatu kama gia za kawaida. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya magurudumu mawili yanayopanuka na kubana. Inapotunzwa huendesha kwa ulaini na kubana mafuta. Lakini inataka oili yake maalumu, ile Nissan yenyewe inayoiita NS-3, na haivumilii oili ya kubahatisha wala joto la kupita kiasi. Mtaani utasikia "CVT ni mbovu". Nyingi kati ya hizo mbovu ziliwekewa oili yoyote iliyopatikana dukani, au hazikubadilishiwa kabisa kwa sababu mtu fulani alisema ni ya kudumu maisha yote. Maisha ya nani, hakusema.

Kwa hivyo ukiijaribu, usizunguke kiwanja cha yadi ukarudi ukasema iko poa. Kwanza iwashe asubuhi ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi siku nyingine. Kisha ipeleke mlimani, muda mrefu, angalau nusu saa. Sisi tulitoka Kikuyu tukashuka hadi Mai Mahiu, tukageuka na kupanda tena. CVT iliyochoka hujionyesha kwenye mpando: injini inapiga kelele na gari haliendi, au linatetemeka ukiondoka polepole, au kompyuta inapunguza nguvu yenyewe ili gia ipoe. Fikiria hilo likikupata ukipanda kuelekea Timboroa, watu saba ndani na magunia nyuma. Hii yetu ilipanda vizuri. Bushi za nyuma zinalia, shokamzoba moja inavuja, na tairi mbili zimebakisha miezi.

Fundi uende naye wako, si wa muuzaji. Mlipe siku yake hata kama hamtanunua, ndipo atakuwa huru kukwambia hapana. Awe na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kwa sababu taa ya onyo inaweza kufutwa asubuhi mkiwa njiani mnakuja. Upande wa serikali ni rahisi: kwa Sh550 kupitia eCitizen, NTSA watakupa rekodi ya gari, mwenye jina na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeliwekea kizuizi. Usimpe mtu milioni moja kwa kukwepa Sh550. Na usimalize kulipa kabla uhamisho wa umiliki haujaanzishwa kwenye akaunti zenu wote wawili.

Basi gari ni zuri. Mbona bado sijasaini?

Kwa sababu ya hesabu. Rafiki yangu ana akiba ya Sh500,000 na anataka kukopa Sh1 milioni. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa salio linalopungua, miaka minne, atalipa takriban Sh26,300 kila mwezi. Sasa tia mafuta. Kutoka Kitengela hadi mjini na kurudi ni kama kilomita 60. Siku 22 za kazi, kilomita 1,320. Kwenye jamu yetu gari hili likifanya kilomita 10 kwa lita, nakuhurumia ukitegemea zaidi, ni lita 132. Tuseme lita ni Sh180, hiyo ni Sh23,760. Tayari tumefika Sh50,000 kwa mwezi, kabla ya bima, kuegesha, kuosha, na ile tarehe 14 ambapo EPRA hutangaza bei mpya na Kenya nzima hushika kichwa.

Na ona jambo hili: akilipa Sh1.5 milioni, akiba yote inaishia mkononi mwa muuzaji. Siku ya kwanza ya kumiliki gari la kilomita 190,000 atakuwa na tairi mbili za kununua, shokamzoba, bushi, mtoto wa tatu njiani, na sufuri kwenye akaunti. Hivyo ndivyo magari mazuri huharibika mikononi mwa watu wema. Oili inacheleweshwa mwezi mmoja, halafu mitatu. Sauti ndogo inafunikwa na redio. Gari linaanza kulala nyumbani, mkopo haulali. Kisha linauzwa kwa hasara, na sisi wadhamini tunaanza kupigiwa simu na ofisi ya Sacco.

Msimamo wangu basi ni huu, na nimemwambia hivyo hivyo. Kilomita hizo sizihofii, kwa sababu nimeona zilivyotembea. Ningechukua hiyo ya 190,412 yenye faili mara kumi kabla ya ile ya 98,000 yenye marashi. Lakini bei ishuke hadi Sh1.3 milioni, na orodha ya fundi ndiyo itakayofanya mazungumzo. Zile Sh200,000 zinazobaki zisiguswe kwa rimu, muziki wala vioo vyeusi. Ni za tairi, shokamzoba na oili ya gia mwezi wa kwanza, na kinachobaki kisubiri hitilafu ijayo, maana itakuja. Pia asiende nalo kazini kila siku. Matatu ya Kitengela ipo, basi lipo. Gari liwe la shule, hospitali, kanisa na ushago. Akilitumia siku mbili za kazi kwa wiki badala ya tano, mafuta ya kwenda mjini yanashuka chini ya Sh10,000.

Hapo alinuna kidogo. "Sasa nitanunua gari nipande mathree?" Nikamuuliza kama alinunua kwa ajili yake au kwa ajili ya watoto. Alinyamaza, halafu akabadilisha mada kwenda kwa Gor Mahia.

Jana jioni alinipigia. Mwalimu ameona orodha ya fundi na ameshuka hadi Sh1.38 milioni, anasema hapo amefika mwisho. Mama watoto naye amesema wasubiri miezi miwili, waongeze Sh80,000 kwenye akiba, kisha wamrudie mwalimu wakiwa na mkopo ule ule. Kama gari litakuwa limeuzwa, basi.

Fomu ya Sacco bado iko juu ya friji yangu, imeshikiliwa na sumaku. Nimejaza jina na nambari ya uanachama. Sehemu ya sahihi nimeiacha wazi hadi mwezi wa pili uishe.