Kuhamisha Kumbukumbu za Zamani si Kuzitupa

Wako wanaodhani kwamba kumbukumbu ikipita miaka kumi huwa mzigo, na kwamba kazi ya mtunza kompyuta ni kuutua mzigo huo upesi. Rai yangu ni tofauti, na mfano nautoa Mbegani, Bagamoyo, penye chuo cha uvuvi kilichoendelezwa kwa msaada wa Norway na ambacho leo ni kampasi ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi.

Tuchukulie kwamba wanafunzi wa huko wanaandika kila siku samaki wanaoshushwa Mlingotini, Kaole na Bagamoyo. Katika hifadhidata ya kimahusiano, iliyotokana na nadharia aliyoitoa E. F. Codd mwaka 1970, habari hizo hazikai mahali pamoja. Jedwali moja lina safari za vyombo. La pili lina uzito wa samaki wa kila safari. La tatu lina namba za aina za samaki, tuseme 7 ni changu na 12 ni kibua. Yote huunganishwa kwa funguo. Miaka ikipita, jedwali la uzito hunenepa, utafutaji huwa wa polepole, na hapo huja wazo la kuzitenga safari za zamani katika majedwali ya nyaraka.

Wazo ni jema. Hatari imo katika kulitimiza. Aghalabu mtu hunakili kila safari iliyotangulia tarehe fulani, kisha hufuta kila safari iliyotangulia tarehe hiyo. Amri hizo mbili zaonekana kugusa safari zile zile, lakini kati ya kunakili na kufuta karani mwingine aweza kuingiza daftari la zamani lililochelewa, nalo likafutwa bila kunakiliwa. Yafaa kwanza ziorodheshwe funguo za safari zitakazohama. Zinakiliwe hizo tu pamoja na uzito wake, mistari ihesabiwe, jumla ya kilo ilinganishwe pande zote mbili, kisha zifutwe hizo hizo, mistari ya uzito kwanza na safari baadaye. Yote yafungwe katika muamala mmoja, ili umeme ukikatika (na umeme wetu twaujua) hifadhidata irudi ilivyokuwa. Safari zikiwa nyingi mno, zihamishwe kwa mafungu, kila fungu na muamala wake.

Tena, kila safu wima itajwe kwa jina. Mpangilio wa majedwali mawili ukitofautiana, idadi ya wavuvi yaweza kuangukia mahali pa kilo, wala kompyuta haitalalamika, kwani zote ni tarakimu. Nakala ya jedwali la aina za samaki nayo iende pamoja: siku namba 7 itakapopewa samaki mwingine, changu wote wa zamani watageuka jina.

Kwa nini taabu yote hii? Mwaka 1995 Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, alieleza kwamba kila kizazi cha wataalamu huuhesabu wingi wa samaki kiliyoukuta kuwa ndio wa kawaida, na kwa hiyo upungufu wa polepole hauonekani. Mzee wa Mlingotini akisema nguru walikuwa wengi zaidi, kijana ataona ni hadithi, isipokuwa tarakimu za zamani zipo na zinasomeka.

Walimu waweza kulijaribu jambo hili darasani kwa majedwali madogo. Kabla ya kuhamisha, wanafunzi waulize hifadhidata ni kilo ngapi za changu zilishushwa Kaole kila mwaka, wayaandike majibu ubaoni. Baada ya kuhamisha, waulize tena majedwali yote mawili kwa pamoja, walinganishe mwaka kwa mwaka.