Tukipeleka watoto mlimani, koko asibebe mzigo peke yake



Trimestri ikikaribia kuisha, sisi walimu tunasikia maneno yale yale mlangoni mwa darasa: "Vakansi hii nitatuma watoto mlimani kwa koko, na mimi nipumzike kidogo." Ni wazo zuri. Ziwa letu la Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mlima Kahuzi unafika mita 3,308. Kati ya ziwa na kilele kuna vijiji vya Kabare na Walungu, ambako wengi wetu tulizaliwa au tuliolewa. Hatuhitaji hoteli. Nyumba ya koko iko, hewa ni safi, na mtoto anapata mafasi ya kukimbia ambayo hana katika parseli zetu za Bukavu.

Lakini tunaona pia upande mwingine. Koko mmoja anapokea wajukuu sita kwa siku moja, bila unga, bila sabuni. Anatafuta kuni za sita, anafua nguo za sita, na halalamiki kwa sababu ni damu yake. Watoto wanarudi shuleni na kikohozi. Wasichana wanatuambia kwamba walichota maji asubuhi na jioni, wakati kaka zao walicheza mpira. Hiyo si vakansi kwa koko wala kwa msichana.

Kwa hiyo tunawaomba mpange kufuata msimu, kwa sababu mlima wa Desemba si mlima wa Aprili.

Vakansi ya Noeli. Mvua bado inanyesha, lakini maharagwe yaliyopandwa Septemba, yale ya msimu A, yanaanza kuvunwa. Koko anahitaji mikono. Mtoto wa miaka 8 anaweza kupiga maharagwe, kuyapepeta na kuchagua mbegu nzuri. Mwambie ahesabu debe ngapi zimetoka na ngapi zimewekwa kwa mbegu: hiyo ni hesabu ya kweli, na ataikumbuka kuliko ile ya ubaoni. Siku tatu au nne zinatosha, kisha mrudi kutayarisha minervali ya Januari.

Vakansi ya Pasaka. Hapa muwe waangalifu zaidi. Mvua ni nyingi, njia zinateleza, mito inajaa, na kilima kilichokatwa miti kinaweza kubomoka. Jambo la pili halionekani haraka: ni wakati wa njaa mlimani. Akiba ya msimu A imepungua, na mazao ya msimu B yangali shambani. Koko atawapa watoto chakula na yeye atalala na chai tupu, wala hamtajua. Tunashauri watoto wakubwa tu ndio wapande, kwa siku chache, na wabebe unga wao. Jioni za mvua ni nzuri kwa kuketi karibu na moto na kusikiliza hadithi. Watoto wengi tunaowafundisha hawawezi kujibu hata "Asinge" ya koko wao. Hakuna kitabu shuleni kitakachowafundisha Mashi kama sauti yake.

Vakansi kubwa, Julai na Agosti. Huu ndio wakati mzuri wa kukaa muda mrefu, hata majuma matatu. Ni kiangazi, njia zimekauka, mazao ya msimu B yameingia nyumbani, na watu wanalima mboga katika mabonde yenye maji, ndio msimu C. Watoto watakunywa maziwa na kuonja mashanza. Lakini usiku ni baridi, vumbi ni nyingi, na chemchemi nyingine zinapunguka, basi maji yanakuwa mbali. Pangeni tangu mwanzo: wavulana na wasichana wachote kwa zamu.

Ni wakati huo pia kikundi kinaweza kuuliza juu ya kutembelea Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuandikwa kati ya urithi wa dunia na UNESCO mwaka 1980. Watoto walio chini ya miaka 15 hawapelekwi kwa sokwe, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaambukiza. Lakini pale Lwiro kuna kituo kinacholea sokwe wadogo na nyani waliookolewa kwa wawindaji na wachuuzi. Mtoto akiona jeraha la kamba kwenye mkono wa mnyama, ataelewa msitu wetu zaidi ya somo la saa nzima.

Kabla ya kila safari, mama aangalie mambo haya:

Baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto linapunguka karibu digrii 6. Kila mtoto awe na sweta, soksi na blanketi yake. Asilale jikoni penye moshi, kwa maana kifua kinaumia. Chandarua kisiachwe nyumbani.

Chakula. Unga, chumvi, mafuta na sabuni kulingana na idadi ya watoto na siku watakazokaa.

Maneno na koko. Awe mama mzazi, awe mavyala, muulize kwanza: "Unaweza kupokea wangapi? Kwa siku ngapi?" Akisema wawili, ni wawili. Ikiwezekana, panda nao na ulale huko usiku mmoja. Wewe pia una haki ya kuketi karibu na mama yako bila haraka ya soko.

Njia. Hakuna vakansi inayopita uhai. Piga simu kijijini, uliza wamama wanaoshuka sokoni. Jibu lisipokuwa wazi, watoto wasipande. Ita koko ashuke mjini, muwalipie transporti, na hadithi zake azilete sebuleni kwenu.

Tunajua mtasema: feza iko wapi? Wamama wa kikundi wanaweza kuweka sanduku dogo pembeni ya likelemba ya kawaida. Kila mmoja akiweka franki 1,000 kwa juma, kwa majuma 10 ya trimestri amejiwekea franki 10,000. Si nyingi, lakini ni chumvi, sabuni na mafuta kidogo ya kumkabidhi koko, na mtoto haendi mikono mitupu.

Kwa mkutano wa juma hili, tunawaachia maswali matatu. Vakansi iliyopita, nani alimpigia koko simu kuuliza alibaki na nini ndani ya nyumba baada ya watoto kuondoka? Kwetu, msichana na mvulana wanagawana kazi namna gani wakiwa mlimani? Na katika kikundi chetu, ni mama gani ambaye hajaenda kumwona mama yake tangu mwaka jana juu ya kukosa transporti? Jina lake liandikwe la kwanza kwenye sanduku.