Joto, Mayai ya Buibui na Lawama Isiyo Haki

Katika miezi ya joto na mvua, zahanati hupokea wagonjwa wenye malengelenge na ngozi iliyobabuka, nao hueleza kwa yakini kwamba usiku wametembelewa na buibui. Ushahidi wao ni nyumba yenyewe: pembe za dari zimejaa vibuibui vilivyoanguliwa karibuni.

Wingi huo una sababu nyepesi. Buibui hajitengenezei joto la mwili, na kiinitete ndani ya yai hufuata joto la mahali kilipo. Mayai ya Parasteatoda tepidariorum, buibui wa majumbani aliyechunguzwa sana maabarani, huanguliwa baada ya takriban siku 8 katika nyuzijoto 25 za selsiasi. Ubaridi ukizidi, siku huongezeka. Joto likipita kiasi, mayai hukauka na kufa. Wapo hata majike wa jamii ya Lycosidae, wawindaji wasiotega utando, ambao hukianika kifuko cha mayai juani. Vibuibui darini, basi, ni habari ya hali ya hewa, si ya ugonjwa.

Misimu hiyo hiyo huweza kumleta kwa wingi Paederus, mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi. Hang'ati wala hadungi. Akipondwa juu ya ngozi huacha sumu iitwayo pederini, na mbabuko hujitokeza baada ya siku moja au mbili, wakati mdudu amekwisha sahauliwa na buibui angali ukutani. Kuosha mapema kwa maji na sabuni husaidia, na aghalabu ngozi hupona.

Hasara kubwa huja pale lawama hiyo inapofunika mkanda wa jeshi: malengelenge ya upande mmoja wa mwili, mara nyingi yakitanguliwa na maumivu ya kuchoma. Asiklovia hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na mgonjwa akiwa kijana, ni sababu tosha ya kumshauri apime VVU. Mhudumu anayeandika "buibui" kwenye kadi na kumruhusu aende zake huipoteza nafasi ya yote mawili. Kimeta nacho huanza kwa kipele kisichouma, kisha kidonda cheusi. Aliyechuna mzoga aulizwe.

Wapo buibui wenye sumu ya kudhuru, hilo halikanushwi. Lakini mgonjwa aulizwe kama alimwona aking'ata, na kama hakumwona, kadi iandikwe hivyo.