Kamusi Elezo ya Umma na Haja ya Mpangilio Mmoja

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka huko hadi Ujiji, ilipita katika nchi za watawala wengi wenye lugha na desturi mbalimbali. Biashara iliwezekana kwa sababu vipimo vichache vilifahamika njia nzima. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani kilo 16 hivi; nguo kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Vipimo hivyo havikuwa kamili, maana mkono wa mtu mrefu haulingani na wa mtu mfupi. Hata hivyo mfanyabiashara na mtemi waliweza kubishana juu ya kitu kile kile.

Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003 na ambayo yeyote aweza kuiandikia, ina haja ya vipimo vya namna hiyo. Waandishi wake wametawanyika na aghalabu hawajuani. Kila mmoja huja na desturi yake ya kutaja majina, miaka na asili ya habari. Wako wanaodhani kwamba kulinganisha mambo hayo ni kazi ya urembo tu, ya watu wasio na la kusema. Tabora yatosha kuonyesha kuwa sivyo.

Burton na Speke walipofika huko Novemba 1857, waliandika juu ya mahali paitwapo Kazeh. Stanley, aliyekaa Kwihara mwaka 1871, mara nyingi alisema yuko Unyanyembe. Mwandishi mmoja akimfuata Burton, na mwenzake akimfuata Stanley, mwanafunzi atadhani anasoma habari za miji mitatu iliyo mbalimbali. Dawa ni sentensi ya kwanza ya kila makala: itaje kitu ni nini, kiko wapi, na kimewahi kuitwaje. Msomaji atafutaye Kazeh apelekwe moja kwa moja kwenye makala ya Tabora. Lakini Unyanyembe, ambayo ilikuwa nchi ya mtemi wala si mji, yastahili makala yake yenyewe. Hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo wengi hulisahau: hakuna awezaye kupanga majina hayo bila kuijua historia yake.

Tarakimu nazo zina mitego. Mkoa wa Tabora ulikuwa na watu 2,291,623 katika sensa ya 2012, na 3,391,679 katika sensa ya 2022. Makala isemayo tu kwamba mkoa “una watu zaidi ya milioni mbili” haikukosea siku ilipoandikwa, ilikosa mwaka. Tena mipaka hubadilika. Kaliua ilitengwa na Wilaya ya Urambo, na sensa ya 2012 ikazihesabu mbalimbali. Anayelinganisha Urambo ya 2002 na Urambo ya 2012 bila kuambiwa hayo ataona umati wa watu umetoweka, na pengine atatafuta ugonjwa au njaa ya kuueleza.

Wapinzani wa mpangilio mmoja wana hoja yao. Makala nyingi za kata za Tanzania zimejengwa kwa umbo moja: jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya wakazi, basi. Umbo ni kamili, lakini ndani hamna mtu, wala kisima, wala soko. Kamusi elezo yenyewe hukiri upungufu huo kwa kuziita makala fupi za aina hiyo “mbegu”. Ni kweli kwamba kiunzi ni rahisi kunakili kuliko maarifa. Hata hivyo mbegu iliyopandwa kwa mstari hupaliliwa kwa urahisi zaidi kuliko ile iliyotupwa ovyo.

Hatari kubwa zaidi imo katika vichwa vya sehemu, kwa sababu vichwa huonekana kama havina upande. Sehemu ya “Historia” ya Tabora ikianzia mwaka 1857, Wanyamwezi waliokwisha kupeleka pembe pwani tangu mwanzoni mwa karne hiyo wataachwa nje ya mlango. Mirambo na Isike nao watatokea kama vikwazo katika safari za wageni.

Mwalimu wa kidato cha tatu anayetaka wanafunzi wake waandike juu ya mahali pao na aanze na daftari kabla ya kompyuta. Darasa zima lipatane juu ya tahajia ya majina, juu ya kuambatanisha kila idadi na mwaka wake, na juu ya kutaja kila habari imetoka wapi. Kisha kila kikundi kiandike kwa namna yake. Kikundi kitakachopewa Kwihara kianze na kijiji chenyewe na wakazi wake. Tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872 itapata sehemu yake baadaye.