Majitaka ya Moshi: Mtaji wa wakulima wa Mabogini unaohitaji uangalizi

UHABA wa maji ya kumwagilia katika tambarare za chini ya Mlima Kilimanjaro si jambo geni. Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa ufadhili wa Japani, ulilenga hekta zipatazo 2,300. Mpunga ulipoonekana kulipa, wakulima wa juu ya mifereji nao waliingia katika kilimo hicho, na maji ya mito ya Rau na Njoro yakashindwa kumtosheleza kila mtu.

Ni katika hali hiyo majitaka yamepata thamani. Mabogini, Moshi Vijijini, ndiko yaliko mabwawa yanayosafisha majitaka ya mji wa Moshi, na maji yanayotoka humo hutumiwa na wakulima wa eneo hilo kumwagilia mpunga. Kwa mkulima, faida yake ni kwamba mji hautumii maji kwa msimu. Hata mito inapopungua, majitaka huendelea kutiririka.

Aidha, maji hayo yana naitrojeni na fosforasi, virutubisho vilevile anavyonunua mkulima kwenye mfuko wa mbolea. Bei za mbolea zilipopanda duniani mwaka 2022, hadi Serikali ikarejesha ruzuku, faida hiyo haikuwa ndogo. Hata hivyo, naitrojeni ikizidi, mpunga hurefuka na kulala kabla ya kukomaa. Mkulima anayemwagilia kwa majitaka na bado akaweka urea kwa kipimo cha kawaida anaweza kutupa fedha na mavuno kwa pamoja.

Upande wa pili ni afya. Mabwawa ya aina hii hayahitaji umeme wala kemikali. Katika bwawa la kwanza uchafu mzito hutuama. Katika yanayofuata, mwani hutoa hewa ya oksijeni inayotumiwa na bakteria kuozesha uchafu, na jua huua vijidudu. Mayai ya minyoo huzama chini iwapo maji yatakaa siku za kutosha.

Tatizo huanza pale tope linapojaa bila kuondolewa. Nafasi ya maji hupungua, siku za kukaa bwawani hupungua, na yanayotoka huwa hayajasafika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza lita moja ya maji ya kumwagilia isizidi yai moja la minyoo. Kipimo hicho huwalinda kwanza wakulima wenyewe, wanaoshinda peku kwenye matope.

Kwa mlaji, zao ndilo linaloamua. Wali huchemshwa, hivyo hatari ni ndogo. Nyanya na mboga za kachumbari zikimwagiliwa kwa maji hayohayo, hatari hufika mezani. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2006 unasisitiza hatua kadhaa kwa pamoja: kusafisha maji, kuchagua mazao, kusitisha umwagiliaji siku chache kabla ya kuvuna, na kuvaa mabuti.

Swali gumu ni nani asimamie. Mabwawa ni ya mamlaka ya maji ya mjini. Mito iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, umwagiliaji una Tume yake, na maji ya kunywa vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mkulima anayetaka kujua kama maji ya leo ni salama hajui abishe mlango upi.

Dawa ya kuanzia si ghali. Matokeo ya vipimo vya maji yabandikwe kwenye ofisi za vijiji kwa Kiswahili, na wakulima wajisajili kama watumiaji wanaotambuliwa, wenye mazao yaliyokubaliwa. Kuwafukuza hakutawasaidia, kwani maji safi ya kuwapa badala yake hayapo. Kuwaacha bila uangalizi nako ni kuahirisha gharama, ambayo hatimaye italipwa zahanati.